Mdogo Wangu, Usifuate Mkoba



Barua niliyoichagua safari hii ni ya binti anayefanya kazi maktaba huko Kigoma. Ana stashahada ya chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kazini bado mgeni, na bosi wake amemwambia ajiandae kwenda mkutano wa mwaka wa wakutubi. Anasema: "Dada, waliowahi kwenda wananisimulia hoteli, chakula na mkoba waliopewa. Nikiwauliza mmejifunza nini, wanacheka. Naogopa na mimi nitakaa kiti cha nyuma siku tatu nikipiga makofi, halafu nirudi na mkoba."

Mdogo wangu, hofu yako ina akili. Mkoba ukipewa upokee, unafaa kubebea nyanya. Tuzungumze mengine.

Ukipata ratiba utaona kilichoandikwa kwa herufi nene ni ufunguzi: mgeni rasmi, risala, hotuba, picha ya pamoja. Siudharau ufunguzi. Mgeni rasmi akishatamka mbele ya kamera kwamba maktaba za wilaya zitapata vitabu, viongozi wa chama cha wakutubi wanakuwa na pa kumshikia. Ila faida ya ufunguzi ni ya taaluma nzima. Yako wewe, mtu mmoja kutoka mwisho wa reli, imeandikwa kwa herufi ndogo kurasa za ndani: warsha ya siku ya kabla, vikao sambamba vya mchana, saa ya mabango, mkutano mkuu wa wanachama ambao mara nyingi huwekwa jioni watu wakiwa hoi. Na chai. Chai usiichukulie poa, nitaifikia.

Kwanza nikuondolee fikra kwamba mikutano hii ni matembezi. Mwaka 1953 UNESCO iliwakutanisha watu wa maktaba Ibadan, Nigeria, wakajadili kwa wiki kadhaa namna ya kuanzisha maktaba za umma barani humu. Baadaye mtaalamu mmoja, S. W. Hockey, akazunguka Afrika Mashariki na ripoti yake ikatoka mwaka 1960. Kutokana na mapendekezo ya aina hiyo ikaja Sheria namba 39 ya mwaka 1963 iliyounda bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Mwaka 1974 Dar es Salaam hiyo hiyo ikapokea mkutano wa kwanza wa wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ule unaoitwa SCECSAL, ambao tangu hapo umekuwa ukihama nchi hadi nchi: Nairobi mwaka 2012, Entebbe mwaka 2018. Na mwaka 1984 shirikisho la dunia la vyama vya maktaba, IFLA, lilifanya mkutano wake mkuu wa 50 Nairobi. Kwa hiyo meza unayokalia na mshahara unaoulalamikia vilianza kama karatasi iliyosomwa mbele ya watu wanaosinzia baada ya chakula cha mchana. Ndiyo maana siwaelewi wanaocheka ukiwauliza walijifunza nini.

Sasa, kabla ya kuulizia nauli, tafuta swali la kwenda nalo. Mkutano huwapa mengi wenye swali na huwapita pembeni waliokuja kusikiliza tu. Na wewe uko mahali penye maswali tele, nikuokotee moja.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapumzike na kuzaliana. Miezi mitatu. Mvuvi aliyezoea kukesha ziwani na taa zake na kulala mchana akabaki nchi kavu usiku na mchana. Mama anayeanika dagaa, mwenzake anayeuza migebuka, kijana anayebeba kreti ufukweni, kila mmoja alikuwa na la kuuliza. Kwa nini miezi hii na siyo mingine? Nyavu zipi zitaruhusiwa ziwa likifunguliwa? Mkopo wa kufanya kazi nyingine unaombwa wapi, na fomu inajazwaje? Hayo yote ni maswali ya taarifa, na taarifa ndiyo kazi uliyosomea Bagamoyo. Maktaba yako ilikuwa na nini cha kuwapa?

Fungua rejesta ya wasomaji ya miezi ile. Ninazijua maktaba zetu: utakuta majina ya wanafunzi wa sekondari, kidato cha nne na cha sita, wamejaza viti vyote wakijisomea madaftari yao wenyewe. Hesabu watu wazima. Hesabu wanawake watu wazima. Ukikuta mvuvi hata mmoja hakuingia, usione haya. Hiyo sifuri ndiyo matokeo ya utafiti wako, na watafiti wanaolipwa vizuri kukuzidi wamepanda majukwaani na matokeo membamba kuliko hayo. Kisha shuka ufukweni Kibirizi, kaa na wauza dagaa, waulize taarifa za kufungwa ziwa walizipata kwa nani: redio, mwenyekiti wa mtaa, msikitini, kundi la WhatsApp? Nenda na kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, hapo hapo Kigoma uulize wana vijarida gani vya Kiswahili, na vimeishia wapi.

Kuna jingine ndani ya swali hili la ziwa. Ziwa hili ni la nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mkataba wa kulisimamia ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Karatasi za ngazi hiyo huandikwa Kiingereza na Kifaransa. Mvuvi wa Kigoma akikutana na wa Uvira au Kalemie katikati ya maji, wanaelewana kwa Kiswahili. Nani anayehamisha maneno kutoka karatasi zile hadi ndani ya mtumbwi? Ukiinuka na swali hilo katika kikao chochote cha wakutubi, Dodoma au Nairobi, watageuka kukutazama.

Hapo ndipo bango linapoingia. Wageni wengi hudhani kuna kuwasilisha mada jukwaani au kukaa kimya, basi. Kuna njia ya tatu, na kwa mtu wa mara ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unaandika ikisiri fupi, unaituma kabla ya tarehe ya mwisho, ikikubaliwa unatengeneza bango moja kubwa na kupewa mahali pa kulibandika. Saa ya mabango ikifika unasimama pembeni yake. Hakuna kipaza sauti, hakuna mwenyekiti wa kukugongea kengele. Watu wanapita na vikombe vyao, wanasoma kichwa cha habari, wanasimama au wanaendelea. Atakayesimama, zungumza naye. Kwa sauti yako ya kawaida, kwa Kiswahili, na akija mgeni asiyekijua, Kiingereza chako cha darasani kitatosha kwa sababu jibu lipo kwenye picha mbele yake.

Lakini bango liwe bango. Ukubwa unaotakiwa mara nyingi ni A0, yaani milimita 841 kwa 1,189, na kuna watu huchukua karatasi nzima ya kurasa kumi na tano wakaibandika humo kwa herufi za kusomwa na chungu. Wewe weka kichwa cha habari kinachosomeka ukiwa hatua kadhaa nyuma. Kwa mfano: "Ziwa lilipofungwa, maktaba ilikuwa wazi. Nani alikuja?" Weka ramani ndogo ya ufukwe, grafu moja ya rejesta yako, maneno mawili matatu ya wauza dagaa uliowaomba ruhusa, na pendekezo unaloweza kulitekeleza bila kusubiri wizara. Namba ya simu chini. Lichapishwe kwenye kitambaa au plastiki ile ya mabango ya harusi, maana karatasi haitavumilia safari. Ulikunje ndani ya kipande cha bomba la maji, uzibe pande zote mbili. Kama unapanda treni ya zamani hadi Dodoma na kuunganisha na ile ya SGR kwenda Dar es Salaam, bomba hilo lilale miguuni pako. Kwenye rafu ya juu litakuja kukandamizwa na dumu la mawese la mtu.

Jiandae na utani pia. Wakiona Kigoma kwenye kitambulisho chako cha shingoni, wengi watakuletea Livingstone na Stanley walivyokutana Ujiji, na wataona wao ndio wa kwanza kuufikiria. Cheka nao, kisha wageuzie kibao. Waambie kwamba mwaka huo huo wa 1871, akiwa Nyangwe ng'ambo ya ziwa kabla ya kurudi Ujiji, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akawa anaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa kujitengenezea kutokana na mimea. Maandishi yakafifia hata yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatoa hadharani kwenye intaneti mwaka 2011. Gazeti lile na wino ule vimefika hadi leo kwa kuwa viliangukia mikononi mwa watu wa maktaba na nyaraka. Karatasi za wenyeji wa Ujiji wa miaka ile ziko wapi? Barua za wafanyabiashara, hati za ndoa, vitabu vya madrasa? Uliza wazee kama kuna makasha yaliyosalia. Ukifika mkutanoni, tafuta kikao cha uhifadhi wa nyaraka hata kama chumba chake kiko mwisho wa korido na waliomo ni wachache. Huko uliza ya kawaida kabisa: mchwa, unyevu, maboksi ya bei nafuu, namna ya kupiga picha hati kwa simu bila kuiharibu, na nani abaki na hati yenyewe. Jibu la hilo la mwisho liandike vizuri. Familia ikikupa kasha lake halafu likapotelea ofisini, Ujiji nzima itakusema, na watakuwa na haki.

Vikao sambamba maana yake ni vyumba vitatu au vinne vinaendelea kwa wakati mmoja, na huwezi kugawanyika. Usichague chumba kwa sababu rafiki zako wako humo. Mkiwa wawili kutoka mkoa mmoja, gawaneni, mkutane jioni mbadilishane daftari. Kaa karibu na mlango. Mada ikiwa haina kitu, toka taratibu uende chumba cha pili. Hakuna atakayekupeleka baraza la wazee. Na ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza sentensi moja ukae. Nchi yetu ina watu wazima wanaosimama na kusema "mimi sina swali, nina mchango", kisha mchango unakula muda wa wote waliokuwa na maswali. Usianze ugonjwa huo ukiwa bado kijana.

Kuhusu Kiingereza, maana najua kimo moyoni hata kama hukukitaja. Mikutano ya nyumbani slaidi mara nyingi huwa za Kiingereza, mjadala ukipamba moto watu wanarudi Kiswahili. IFLA ina lugha rasmi saba: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kijerumani na Kirusi. Chetu hakimo, pamoja na UNESCO kukitengea siku yake tarehe 7 Julai. Mimi jambo hilo linaniudhi, ila nisingependa likuzuie kuomba kwenda siku moja. Tayarisha dakika mbili za kujieleza kwa Kiingereza: wewe ni nani, maktaba yako inahudumia watu gani, una swali gani. Zisome kwa sauti mbele ya kioo hadi zikutoke zenyewe.

Chai sasa. Saa nne asubuhi watu wakitoka nje utawaona wamejikusanya kwa taasisi zao: wa vyuo vikuu kule, wa maktaba za umma huku, wa mashuleni wamejibanza. Usikimbilie kundi lako, hao utawapata hata kwa simu. Mtafute mtu wa Maktaba ya Taifa ya Kilimo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, umuulize wanawafikishiaje wakulima taarifa, kisha weka neno mvuvi mahali pa mkulima. Mtafute mtoa mada aliyekugusa umwambie kitu kimoja mahususi ulichokipenda. Shikamoo yako itangulie kama ni mkubwa, jina lako lifuate, swali, namba ya simu, umwache anywe chai yake. Mtumie ujumbe jioni ile ile. Wakubwa hawa hawana kiburi kama unavyowadhania, ni vile tu vijana huwa wanawakwepa.

Kwenye meza za maonesho utakuta wachapishaji na wauzaji wa programu za kompyuta. Katalogi chukua. Atakayekuambia anakuuzia Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, kumbuka kwamba programu yenyewe ni ya bure. Unachoweza kulipia ni kuisimika, kuitunza na kufundishwa. Muulize umeme ukikatika siku nzima inakuwaje, na baada ya mwaka mmoja nani atapokea simu yako. Usisaini chochote.

Fedha tusemezane kidada. Posho ya kujikimu ni ya kujikimu. Ukila mihogo siku zote upeleke yote nyumbani, utaumwa ukiwa ugenini. Kama umechukua masurufu, kila risiti iwe kwenye bahasha moja, ufanye marejesho wiki ile ile uliyorudi. Ada ya ushiriki na ada ya uanachama ni vitu viwili tofauti. Uliza mapema mwajiri analipa ipi.

Usiku wa chakula cha pamoja vaa kitenge chako, wa Kigoma kwa vitenge hatuna mpinzani, na ngoma ikilia cheza. Akitokea bwana mkubwa wa taaluma akakuambia nakala ya mada yake iko chumbani, umfuate ukaichukue, mwambie akutumie kwa barua pepe. Akisisitiza, huyo hana mada. Mwambie dada yeyote wa kamati ya maandalizi usiku huo huo, usingoje kurudi nyumbani. Hutakuwa umeharibu mkutano wa mtu.

Kikao ninachotaka usikikose hata ukiwa na homa ni mkutano mkuu wa wanachama. Saa hiyo vijana huwa Kariakoo au sokoni, wakubwa wanabaki wanahesabiana akidi. Humo husomwa mapato na matumizi, huchaguliwa viongozi, hupendekezwa mada kuu na mji wa mkutano unaofuata. Lipa ada uwe na kura. Soma kumbukumbu za kikao kilichopita kabla ya kuingia. Halafu, ikifika ajenda ya mahali, nyoosha mkono uitaje Kigoma. Watakuambia ni mbali. Jibu uwe nalo: treni inafika, ndege inatua, barabara ipo. Na ile siku ya mwisho ambayo wajumbe hupelekwa kutembelea maktaba, Kigoma itawapeleka TAFIRI asubuhi na makumbusho ya Ujiji mchana, na kati ya hapo waonane na wauza dagaa wa Kibirizi. Andika bajeti ya makadirio, hata ukurasa mmoja, mpe katibu mkononi. Hawatakubali mwaka huo. Katibu atakuwa na karatasi yenye jina lako kwenye faili.

Ukirudi, cheti kiende kwenye faili lako la kazi na mkoba uende sokoni. Bosi wako umwandikie kurasa mbili: uliyoyaona, yanayowezekana kwenu bila fedha, yanayohitaji fedha na ni kiasi gani. Omba nusu siku uwafundishe wenzako, pamoja na mlinzi na mhudumu, maana wao ndio wanaokutana na mvuvi mlangoni kabla yako. Bango lako usilitupe. Litundike ukutani karibu na mlango wa kuingilia, sehemu ambayo mama wa dagaa akichungulia ataona picha ya Kibirizi. Na kwa kuwa wito wa ikisiri hutangulia mkutano kwa miezi kadhaa, wa mwakani anza kuufikiria ukiwa bado ndani ya treni, kabla hujafika Uvinza.